Nilivyokwenda Kipini Kuona Mwani Ukinyimwa Chakula

Nilitoka nyumbani Bura kwa sababu wanangu wa kiume walitaka niuze shamba la Kipini na binti yangu alitaka nimpe yeye. Mimi mwenyewe nilitaka kuachwa nipumzike, lakini hilo halikuwa katika mapendekezo.

Shamba hilo nililinunua enzi ambazo mpunga wa kule chini, mto unapokaribia bahari, ulikuwa ukisimama hadi unamficha mtu. Sikulirithi wala sikupewa na serikali. Shule niliacha darasa la tatu, nikashika jembe, nikashika mfereji, nikalima vitunguu mpaka nikanunua ardhi mahali ambapo sina hata shangazi. Halafu miaka ya karibuni mto ukapungua nguvu, bahari ikaona nafasi, maji ya chumvi yakapanda mpaka mashambani. Mpunga ukafa. Migomba ikafa. Ikabaki ardhi nyeupe inayong'aa kama sahani iliyolambwa. Maro, mwanangu mkubwa, akaniambia, "Baba, tuuze kabla watu hawajajua." Kwani kuna asiyejua? Ukisimama barabarani unaiona inavyometa.

Ndipo Habona, kitinda mimba wangu, akapiga simu kutoka huko huko Kipini anakofanya kazi na kikundi cha akina mama.

"Baba, usiuze. Hiyo chumvi ndiyo tunayoitaka."

"Ya nini? Mna bahari nzima mlangoni."

"Tunafuga mwani. Si ule wa kamba unaouona ufukweni, huu ni mdogo mno, hauonekani mpaka uwe mwingi majini. Tuna vidimbwi viwili vya kujaribia. Mnunuzi anakuja kutoka Mombasa kuona kama tunaweza kuugeuza rangi. Akiridhika, tutachimba vidimbwi vingine kwenye shamba lako. Asiporidhika, kikundi kinavunjika, nawe uza."

"Mnaugeuzaje rangi?"

"Tunaunyima chakula, tunauanika juani, tunauzidishia chumvi. Ukibanwa vya kutosha unatoa kitu cha thamani."

Nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeuza vitunguu miaka minne usome chuo kikuu, ukajifunze habari zangu? Mimi nimenyimwa chakula, nimeanikwa juani, na hakuna aliyetoka Mombasa kuja kunitazama." Nikasema nitakwenda mwenyewe nikaone, halafu nitaamua. Sijawahi kuamua juu ya shamba kwa simu.

Alfajiri nikapanda pikipiki hadi barabara kuu, na hapo lori la Abdi likanichukua. Abdi ni Msomali mwenye duka Garsen. Hupandisha sukari na unga, hushusha vitunguu na matikiti. Mbele kwake kuna nafasi ya mtu mmoja mwenye heshima, na heshima hiyo niliilipia kwa kilo mbili za mchele.

"Mzee, na kanzu mpya hivyo, unaenda kuoa?"

"Naenda Kipini. Binti yangu anafuga mwani."

"Anafuga?" Akanitazama. "Inatoa maziwa?"

"Haitoi."

"Nyama?"

"Hakuna."

"Basi inazaa sana."

"Ikizaa sana ni hasara, ndivyo anavyosema. Inatakiwa iache kuzaa, ikonde, ibadilike rangi."

Tulipokaribia Hola Abdi akasema, "Wallahi, hiyo mifugo ni ya watu waliosoma." Hola tukanywa chai, akajaza upepo kwenye gurudumu moja, tukaendelea kushuka. Upande wa kulia kichaka kikavu, upande wa kushoto, kwa mbali, mstari wa miti mibichi unaokuonyesha mto ulipo hata kama huuoni. Vijana wa siku hizi hupita barabara hii wakitazama simu. Mimi huutazama ule mstari wa miti. Maji yaliyoko pale mengine yamepita mlangoni mwangu, nikayakosa.

Garsen tulifika jua likianza kulegea. Nililala kwa Guyo, Mworma mwenye ng'ombe, rafiki yangu tangu enzi za ukame mmoja tulipogombana kwa sababu ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yangu. Tuligombana vizuri sana, tukabaki marafiki. Alinikaribisha kwa kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa, akaketi, akasikiliza habari yote ya mwani mpaka mwisho.

"Jillo, nisikie," akasema. "Mimi ng'ombe yangu ikianza kukonda, nauza haraka. Wewe nasema binti yako anangoja kitu ikonde kwanza, ndio auze?"

"Ndiyo."

"Na mnunuzi anajua imekonda?"

"Anataka hivyo."

Akatikisa kichwa. "Huyo mnunuzi usimwache aende. Mlete Garsen. Mimi nina ng'ombe wa kumwuzia mia."

Nilicheka, lakini nilipolala nikafikiri: mtu huyu hajaenda shule kama mimi, na swali lake ndilo langu.

Minjila, asubuhi. Hapo njia zinaachana, moja ya Malindi, moja ya Lamu. Nilipata gari la miraa lililokuwa likielekea Lamu, nikavuka Tana darajani. Mto ulikuwa mnene, rangi ya chai ya maziwa, na uwanda wa pande zote ulikuwa na ng'ombe hadi macho yanapochoka. Witu nikashuka, nikapanda pikipiki ya Kipini. Kijana aliyenibeba aliendesha kama anayekimbia deni, na kanzu mpya ikawa na rangi ya barabara.

Kipini nilipokewa na Bi Mwanaheri, mwenyekiti wa kikundi. Ni mama wa makamo, Mswahili wa pale pale, sauti laini, maneno makali. Na yeye shamba lake la mpunga liliuawa na chumvi mwaka ule ule kama langu.

"Karibu, Baba Habona. Njoo utie maji usoni kwanza, wafanana na ukuta. Habona yuwaja, yuko vidimbwini."

Nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nikiwa bado naramba vidole Habona akaja, mweusi kwa jua kuliko nilivyomwacha, akanishika mkono na kunipeleka.

Kwanza kulikuwa na mapipa ya buluu chini ya chandarua cha kivuli. Ndani, maji ya kijani kama supu ya mchicha. "Hawa ni watoto," akasema. "Hapa tunawalisha fatalaiza, mbolea ile ile ya vitunguu vyako, wanashiba, wanazaana." Nikaona mahali panapendeza. Kila kilichokuwa kijani maishani mwangu kimenipa chakula.

Kisha vidimbwi viwili, vimetandikwa plastiki nyeusi, kila kimoja na gurudumu la makasia linalozungushwa na umeme wa jua ili maji yasilale. Hakuna kivuli. Chumvi ilikuwa imeganda ukingoni. Kidimbwi cha karibu na lango kilikuwa kimeanza kupauka, rangi ya jani la hindi lililokosa mbolea. Cha nyuma, kilichotangulia kunyimwa, kilikuwa rangi ya tofali lililochomwa. Maji mazima, rangi ya tofali!

"Hiki cha nyuma kimekufa lini?" nikauliza.

"Hakijafa, Baba. Hicho ndicho kizuri. Kikishiba kinabaki kijani tu. Jua likikichoma na chakula hakuna, kinaacha kuzaa, kinajitengenezea hiyo rangi kijifunike. Ni rangi ile ile ya karoti. Wanaitia kwenye vyakula, kwenye vidonge vya vitamini, kwenye mafuta ya kujipaka. Hiki cha mbele nacho kikipewa siku chache kitafika. Mnunuzi akija avikute viwili sawa, ajue hatukubahatisha."

Akina mama walikuwa wameketi bandani wakishona vitambaa vya kuchujia. Nikaona ni haki yangu kuwaambia neno. Niliwaambia kwamba jambo hili si geni. Kwamba mimi mbele yao ni mtu aliyebanwa na dunia tangu utoto, na kama nisingebanwa nisingekuwa na shamba la wao kuliomba. Niliongea vizuri.

Bi Mwanaheri akakata uzi kwa meno. "Nawe, Baba Habona, ulipobanwa ulitoa rangi gani?"

Wakacheka wote, na binti yangu pia. Nikavua kofia nikawaonyesha mvi. "Hii," nikasema. Wakacheka zaidi, nami nikahesabu kwamba nimeshinda.

Siku ya pili sikuwa na kazi. Hilo ndilo tatizo la ugeni. Kila mtu anachota, anapima, anasugua, wewe unaletewa kiti. Niliketi kitini karibu na lango, nikakitazama kile kidimbwi kinachopauka. Asubuhi nilikitazama kama mgeni. Adhuhuri nilikuwa nakitazama kama mkulima.

Lazima nieleze namna tunavyoishi Bura, maana asiyeijua atadhani nilikuwa na nia mbaya. Kule maji ya mfereji ni kwa zamu. Ukipita ukakuta shamba la jirani limepauka na mwenyewe hayupo, humpigii simu. Unachepusha maji kidogo kutoka zamu yako, na kama una mkono wa mbolea unamwagia. Kisha unakwenda zako na husemi. Kusema ni kujisifu. Shamba lenyewe litasema likikolea kijani, na mwenye shamba ataanza kuuliza huku na huku mpaka akupate, aje kushukuru. Hivyo ndivyo tulivyokaa miaka yote, watu wa makabila mbalimbali tuliorundikwa kwenye mfereji mmoja, bila kuuana. Mimi mwenyewe watoto wangu walikula mwaka fulani kwa sababu mtu nisiyemfahamu alinifungulia maji nikiwa hospitalini.

Nilijua Habona amesema kinyimwe. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini masikio ni kitu kimoja, na kuketi mbele ya kitu kilichopauka kutwa nzima, fatalaiza ikiwa ghalani na tangi la maji baridi, yasiyo na chumvi, likiwa nyuma yako, ni kitu kingine. Nikajiambia: hawa ni vijana, wamezidisha. Hata mtu akibanwa huachiwa apumue kidogo. Nitakipa kidogo tu, kisife kabla mnunuzi hajaja.

Baada ya chakula cha mchana, wakati wote wamejinyoosha na Kipini nzima imenyamaza, nikachota kopo moja la fatalaiza, nikalimwaga kwa kuzungusha mkono kama ninavyomwaga shambani, sawasawa, bila mabonge. Kisha nikafungua bomba la tangi, maji baridi yakaingia mpaka nikaridhika. Kile cha nyuma sikukigusa. Nilikwisha kukata tamaa nacho. Mkulima hapotezi mbolea kwa shamba lililokufa.

Nikarudi kitini. Sikusema.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilisikia Habona akipiga ukelele kule vidimbwini. Nikajua shamba limesema. Nikanyoosha kanzu, nikavaa kofia, nikaketi vizuri kusubiri shukrani.

Nilipoona hazifiki, nikazifuata. Akina mama wote walikuwa wamesimama kando ya kidimbwi cha mbele. Maji yalikuwa yameanza kukolea kijani. Kwangu yalikuwa mazuri. Habona alikuwa amechuchumaa, ameshika kichwa. Bi Mwanaheri alikuwa akisema huenda mtu ametia jicho, huenda mvua ilinyesha usiku mahali hapa tu.

"Si jicho wala mvua," nikasema. "Nimekifungulia maji mimi. Na mbolea kidogo."

Nimewahi kuona watu wakinitazama kwa hasira, lakini walikuwa wanaume na walikuwa na fimbo. Hawa hawakuwa na kitu.

"Baba," Habona akasema polepole, "nilikwambia tunakinyima."

"Ulisema. Nami niliona kinakufa."

"Hakikuwa kinakufa! Kilikuwa kinafanya kazi!" Akasimama. "Na maji baridi je? Ile chumvi ndiyo inayozuia wadudu wasikile. Sasa umewafungulia mlango. Mnunuzi anakuja kesho, Baba. Kesho."

"Na kile cha nyuma?" akauliza Bi Mwanaheri kwa haraka. "Umekilisha nacho?"

"Hapana. Kile nilikiacha. Niliona hakina maisha tena."

Kisha Habona akafanya jambo nisilolitarajia. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Asante, Baba," akasema. "Asante kwa kukikatia tamaa." Ndiyo shukrani niliyoipata, na nilikuwa nimeingoja siku mbili.

Mnunuzi alifika asubuhi iliyofuata. Mama mmoja mtaratibu mwenye miwani mikubwa, amevaa viatu vya kupitia matopeni. Hakupoteza muda na salamu ndefu. Alichota maji ya kidimbwi cha nyuma kwenye kichupa, akakiinua juani, akatabasamu kidogo sana, kama mtu anayebana matumizi. Akina mama wakapumua. Kisha akaenda cha mbele.

"Na hiki?"

Habona alifungua mdomo. Nikaona anatafuta maneno ya kunificha, na mimi sijawahi kufichwa na mtoto wangu.

"Hicho nimekilisha mimi," nikasema. "Walikuwa wamekibana vizuri, kingekuwa kama kile. Mimi ni baba yake, natoka Bura, nilidhani kinateseka."

"Kilikuwa kinateseka," akasema yule mama.

"Ndiyo. Ndiyo sababu nikakilisha."

Akanitazama juu ya miwani, akamgeukia Habona. "Kile cha nyuma nitakichukua chote mkishakikausha. Hiki kimwageni, mkianze upya. Kazi yenu nimeiona, naikubali, na mkipata vidimbwi vingi nitachukua mwani wa vyote. Kisichonitosha ni lango lenu. Mahali ambapo kila mwenye moyo mwema anaingia na kopo, mimi siwezi kupategemea. Vidimbwi vipya vitakuwa wapi?"

Wote wakanitazama. Maana vilikuwa viwe kwangu.

Habona akaja akasimama mbele yangu. Mbele ya mnunuzi, mbele ya Bi Mwanaheri, mbele ya akina mama wote, akashika mikono nyuma kama alivyokuwa akisimama akiwa mdogo amevunja kitu.

"Baba, nakuomba lile shamba."

"Ndilo nililojia."

"Nalitaka lote. Na ukishanipa, usiingie tena."

"Nisiingie shambani mwangu?"

"Halitakuwa lako. Ukija Kipini utalala kwa Bi Mwanaheri, utakula samaki, nitakuja nikuamkie. Lakini langoni huvuki."

Bi Mwanaheri akasema, kwa ile sauti yake laini, "Tutakuwekea kiti nje, Baba Habona. Kizuri. Chenye mgongo."

Nilinunua ile ardhi kwa miaka ya mgongo wangu. Nimefukuza ng'ombe pale, nimefukuza wezi, nimemfukuza na ndugu yangu mmoja. Sikuwahi kufikiri nani atanifukuza mimi. Nikamtazama mwanangu usoni nikaona hatanii, na hatarudi nyuma.

"Chukua," nikasema. Nikamshika mkono mbele ya mashahidi, hivyo ndivyo tunavyopeana kitu kwetu.

Njia ya kurudi haina mengi. Witu nilisubiri gari mpaka nikazoeana na mbuzi wa pale. Garsen, Guyo aliniuliza kama mwani ulikonda. Nikamwambia mmoja ulikonda ukanunuliwa, mwingine niliunenepesha ukamwagwa. Akaniongezea maziwa, na kwa Guyo hiyo ni pole kubwa.

Bura nilifika jioni. Maro na ndugu zake walikuwa wananingoja uani.

"Umeuza, Baba?"

"Nimempa Habona."

"Kwa masharti gani?"

"Nisikanyage."

Walicheka hadi majirani wakaja kuuliza. Wacha wacheke. Mimi nimerudi na kitu ambacho sikuondoka nacho. Nimepita njaa, jua na kubanwa, na miaka yote nimetembea nikidhani nayajua mateso kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Nilikuwa nayajua yangu tu. Ya mwingine, hata ya kitu kisicho na macho ya kunitazama, yalinishinda kabla jua halijatua mara mbili. Habona hukaa nayo kila siku. Hunywa chai yake pale ukingoni, huangalia maji yakipauka, na mkono wake hauendi kwenye kopo. Watu wa Bura husema mimi ndiye mgumu wa nyumba yetu. Imenibidi niende mpaka baharini kujua kwamba si mimi, na shamba nimemwachia aliye mgumu.